ELIMU YA AFYA: MADINI YA RISASI NA UZAZI WA MWANAMUME

Wananchi wanakumbushwa kwamba ndoa inapokaa miaka bila ya mtoto, si haki kumbebesha mke lawama peke yake, kama ilivyo desturi katika mitaa mingi. Utaalamu wa tiba umethibitisha kuwa dosari ya upande wa mume huwa na mkono katika takriban nusu ya hali hizo. Sababu moja isiyotazamwa ni kazi yake mwenyewe.

Risasi ni madini mazito yaliyomo katika betri za magari, baadhi ya rangi za nyumba na baadhi ya wanja. Fundi anayepasua betri kuukuu, au mvuvi anayeyeyusha risasi ili asubu chubwi, huvuta moshi na vumbi lake, na huila kwa mikono isiyonawiwa. Sehemu kubwa yake hujificha mifupani kwa miongo ya miaka. Ifikapo kwenye korodani hupunguza idadi ya mbegu, hudhoofisha mwendo wake na kuharibu umbo lake. Mwaka 1975 watafiti wa Romania walichapisha uchunguzi wa wafanyakazi wa kiwanda cha betri, nao uliyabainisha madhara hayo. Hudhihiri hasa kiwango kinapozidi mikrogramu 40 katika desilita moja ya damu. Nguvu za kiume zaweza kubaki timamu, na ndiyo maana mume hajidhanii kuwa na ila yoyote.

Jambo hili si la ng'ambo tu. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwasumisha majirani zake. Mwaka 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, rufaa ikaitengua, na Mahakama ya Juu ikairejesha mwaka 2024.

Kazi hiyo isifanywe jikoni wala uani wanapocheza watoto, kwani wao hudhurika zaidi. Nguo za kazi zisiingizwe chumbani. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, na sigara iachwe, kwa kuwa ina kadimi, madini mengine yenye kudhuru mbegu.

Mbegu huchukua siku zipatazo 74 kukamilika. Kwa hiyo aliyejiepusha asitarajie nafuu kwa wiki mbili. Mume aendapo hospitali pamoja na mkewe kwa kipimo cha manii, amweleze daktari kazi yake, hata kama aliiacha zamani.