Mbwa Wawili wa Mbegu Moja Katika Boma Moja: Somo la Urithi na Afya

Katika mitaa ya Njiro, Sakina na Ilboru mjini Arusha, na katika mashamba ya migomba na kahawa yanayopanda miteremko ya Mlima Meru, mbwa ni mlinzi wa nyumba na wa zizi. Walio wengi ni mbwa wa kienyeji. Hata hivyo, nyuma ya kuta na malango huonekana pia mbwa wa mbegu maalumu, hasa yule wa Kijerumani ambaye watu wamezoea kumwita "mbwa wa polisi". Pengine mwenye nyumba huchukua wawili kwa mpigo, dume na jike, waliozaliwa tumbo moja. Hudhani kwamba kwa kuwa ni wa mbegu moja wataelewana bila taabu, watalinda boma vizuri zaidi, na hatimaye watamzalia watoto wa kuuza.

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kuwa kufanana kwa mbegu peke yake hakuleti amani wala afya. Wanyama wanaofanana hushirikiana nguvu, lakini hushirikiana udhaifu pia.

MBEGU NI NINI?

Mbwa wote wa kufugwa duniani ni wa spishi moja, na kila mmoja ana kromosomu 78, yaani jozi 39. Mbegu ni kundi ambalo binadamu amelichagua kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya umbo au kazi fulani. Mbwa wa Kijerumani ni mfano mzuri. Mwaka 1899 afisa wa jeshi aliyeitwa Max von Stephanitz alinunua mbwa mchunga kondoo, akampa jina la Horand, na mwaka huo huo chama cha kuendeleza mbegu hiyo kikaanzishwa. Mbwa wachache wa mwanzo walipandishwa wao kwa wao na watoto wao ili sifa zilizotakiwa zithibitike. Matokeo yake ni kwamba mbwa wa mbegu hiyo wana jeni nyingi zinazofanana, zilizo njema na zilizo mbaya.

TABIA HAIFUATI MBEGU PEKE YAKE

Mtoto wa mbwa hujifunza kuzoea viumbe wengine hasa tangu wiki ya 3 hadi kiasi cha wiki ya 12 au 14 ya maisha yake. Wawili wanaolelewa pamoja muda wote, wakila pamoja na kulala pamoja, huweza kutegemeana mno hata wasimsikilize mwenyewe, na mmoja akitengwa na mwenzake hubweka na kuhangaika. Kwa hiyo inafaa kila mmoja awe na chombo chake cha chakula na mahali pake pa kulala, na afundishwe peke yake kwa muda mfupi kila siku.

Aidha, wataalamu wa tabia za wanyama wameona kuwa magomvi makali ya mbwa wa nyumba moja hutokea zaidi kati ya wawili wa jinsia moja, na majike hawamo nyuma katika hayo. Sababu za kawaida ni chakula, mfupa, na nani atangulie kumpokea mwenye nyumba. Dume na jike huelewana kwa urahisi zaidi, lakini hapo ndipo swali la urithi linapoingia.

HESABU YA NDUGU WA TUMBO MOJA

Jike huweza kupata joto lake la kwanza akiwa na umri wa miezi 6 hadi 12, na mimba huchukua siku 63 hivi. Hivyo ndugu wawili waliofungiwa ua mmoja wanaweza kuzaa kabla mwenye nyumba hajawahesabu kuwa watu wazima.

Ichukuliwe jeni mbaya iliyo fiche, yaani isiyoonyesha athari mpaka mnyama apate nakala mbili, moja kutoka kwa kila mzazi. Miongoni mwa mbwa wa Kijerumani upo ugonjwa wa namna hiyo: tezi ya pituitari haikui ipasavyo, na mtoto hubaki kibete mwenye manyoya ya utotoni. Tuseme baba wa wale ndugu wawili ana nakala moja ya jeni hiyo, na mama hana kabisa. Wazazi wote wawili huonekana wazima.

Uwezekano wa dume kuirithi ni 1/2, na wa jike ni 1/2. Uwezekano wa wote wawili kuwa nayo ni 1/2 × 1/2 = 1/4. Wote wawili wakiwa nayo, uwezekano wa mtoto wao kupata nakala mbili ni 1/4. Basi kwa kila mtoto wa ndugu hao hatari ni 1/4 × 1/4 = 1/16.

Sasa dume huyo huyo apandishwe kwa jike asiye ndugu yake, na tuseme katika mbwa 50 ni 1 tu mwenye jeni hiyo. Hatari huwa 1/2 × 1/50 × 1/4 = 1/400. Ni dhahiri kuwa kwa ndugu hatari imezidi mara 25, ingawa wazazi ni wa mbegu ile ile katika hali zote mbili.

Si kila ulemavu unafuata hesabu nyepesi kama hii. Ugonjwa wa nyonga, ambapo kichwa cha mfupa wa paja hakikai vyema katika kikombe chake, hutokana na jeni nyingi pamoja na lishe na mazoezi. Hata hivyo kanuni ya busara ni moja: ndugu wasizalishane. Dume ahasiwe, au jike afungwe uzazi na daktari wa mifugo.

UGONJWA HAUBISHI HODI MARA MBILI

Mbwa wawili wa boma moja hulambana, hunusana na hunywa maji pamoja. Mmoja akitoroka usiku na kuumwa na mbwa mwenye kichaa, hatari imeingia kwa mwenzake na kwa watoto wa nyumba. Mate ya mbwa huweza kuwa na virusi siku kadhaa kabla dalili hazijaonekana, na dalili zikishatokea kwa binadamu, kifo ni karibu hakika. Makisio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalifikia vifo 1,500 hivi kwa mwaka nchini Tanzania. Kinga ipo tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister mwaka 1885.

Distempa nayo ni funzo. Mwaka 1994 virusi vyake viliua simba wapatao 1,000 wa Serengeti, takriban theluthi moja ya wote, na mbwa wa vijiji jirani walihesabiwa miongoni mwa vyanzo. Mashamba ya Meru yanapakana na msitu wa Hifadhi ya Arusha. Mbwa asiyechanjwa si jambo la mwenyewe tu.

Kwa hiyo wachanjwe wote wawili, si mmoja. Wataalamu wanahimiza kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo ili kichaa kikome kuenea. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja kuona mbwa atakuwaje.

MASWALI

1. Rudia hesabu ya hapo juu ukichukulia kuwa wazazi wote wawili wa ndugu hao wana nakala moja ya jeni mbaya, na kwamba ndugu wenyewe ni wazima. (Dokezo: miongoni mwa watoto walio wazima, ni sehemu gani wana nakala moja?)

2. Kila mwanafunzi aulize nyumba 5 za jirani: wapo mbwa wangapi, na wangapi wamechanjwa mwaka huu? Wanafunzi wasiwaguse mbwa hao. Darasa lijumlishe na kupata asilimia. Je, imefika 70?

3. Kwa nini kuchanja mbwa mmoja kati ya wawili wa boma moja hakutoshi?