Nzi Anafuata Chachu, Si Ndizi

*Mtaalamu, tukikamua rubisi, pombe yetu ya ndizi, hapa Muleba, hata haijakolea, nzi wadogo wameshajaa juu ya mtumbwi wa kukamulia. Nani kawaambia?*

Chachu ndiyo iliyowaita. Inakula sukari ya ndizi na kutoa pombe pamoja na esta, mvuke unaonukia kama ndizi mbivu. Nzi huyu, Drosophila melanogaster, ana vinyweleo vyenye matundu kwenye vipapasio. Harufu hupenya humo na kugusa neva. Akiinusa tu, huruka kuelekea upepo unakotoka. Akiipoteza, huyumba kushoto na kulia hadi aipate tena.

*Kumbe hapendi ndizi?*

Anazipenda zikishachacha. Mwaka 2012 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba chachu peke yake, bila tunda, inatosha kumvuta na kumfanya atage. Mwaka 2014 wenzao wa Ubelgiji waliiondolea chachu jeni ya ATF1, inayotengeneza esta; nzi wakapungukiwa na hamu. Chachu haina mabawa, kwa hiyo inahonga usafiri.

*Sisi wavuvi wa kisiwa cha Goziba ndizi tunazipokea kwa boti. Tufanyeje?*

Tenganisheni zilizopasuka na nzima. Chachu huingilia kwenye mpasuko. Kisha chukueni chupa, mtie rubisi kidogo na tone la sabuni ya maji, mfunike kwa nailoni yenye vitundu. Msisahau sabuni: bila hiyo nzi hutua juu, akanywa, akaenda zake. Nzi wakubwa wa maembe ni kesi nyingine, maana hutaga kwenye tunda zima. Kwa hao, taasisi ya utafiti wa wadudu ya ICIPE, Nairobi, imetengeneza chambo kutokana na mabaki ya chachu ya viwanda vya bia.

*Na mbu?*

Mbu anafuata hewa ya ukaa tunayoitoa tukipumua. Mchanganyiko wa chachu, sukari na maji huitoa pia, kwa saa nyingi. Kule Mbita, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria hili hili, watafiti waliutumia mchanganyiko huo kwenye mitego, kisha wakabadili sukari kwa molasi ili kupunguza gharama. Katika mradi wa kisiwa cha Rusinga, kuanzia 2013, waliweka kemikali inayoiga hewa ya ukaa kwenye mitego ya umeme wa jua, na Anopheles funestus wakapungua kwa karibu asilimia 70. Natamani mitego hiyo ijaribiwe Goziba. Ila Rusinga watu waliendelea kulala ndani ya vyandarua.