SOMO: ALIYEMLINDA MGONJWA, NA HAKI ZAKE AKIFIWA

Hapa Kolwezi mgonjwa haji hospitali peke yake. Pamoja naye huja mke, au binti, au dada, amebeba sufuria, mkeka na ndoo. Huyo ndiye amwoshaye, ampikiaye bukari, na kukesha naye usiku. Ameacha shamba lake au meza yake ya sokoni, wala halipwi kitu. Tena mgonjwa akifa, mara nyingine huyo huyo hurudi na kukuta ndugu za marehemu wamefunga mlango wa nyumba. Basi tujifunze mambo haya kabla ya siku ya machozi.

1. Je, anayemlinda mgonjwa hulipwa?

Hapana. Katika nchi yetu malipo ya wafanyakazi yalipangwa na sheria ya mwaka 1961, na sasa yanaongozwa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Ofisi yake ni CNSS, iliyochukua mahali pa INSS mwaka 2018. Katika kila franka 100 za mshahara mfanyakazi hutoa 5, na mwajiri huongeza 13. Fedha hizo ni kwa ajili ya jamaa zenye watoto, kwa ajili ya ajali na magonjwa ya kazi, na kwa ajili ya pensheni. Hakuna fungu la mtu anayemuuguza ndugu yake.

Lakini angalia jambo hili. Mtu aliyeumia kazini hata hawezi kuishi bila msaada wa mwingine siku zote, sheria imemwekea nyongeza juu ya malipo yake. Nyongeza hiyo ni ya mgonjwa, si ya mlinzi wake. Mgonjwa akifa, nyongeza na malipo yake hukoma. Hapo huanza haki nyingine, yaani malipo ya waliofiwa: mjane na yatima. Haki hii haiji yenyewe nyumbani, sharti iombwe. Kwa hiyo dada aliyemlinda ndugu yake miaka mitatu hapati kitu kwa ajili ya ulinzi wake, bali mke na watoto wanaweza kupata.

2. Kama marehemu hakuwa na mwajiri?

Wanaume wengi wa Lualaba huchimba shaba na kobalti kwa mikono yao wenyewe. Mchimbaji wa namna hii hana mwajiri wa kumtolea fedha CNSS. Mjane wake huenda asipate pensheni huko. Kwake yeye urithi ndio wa maana zaidi, na urithi una sheria yake.

3. Sheria ya Jamaa yasemaje?

Sheria hii ni ya tarehe 1 Agosti 1987, nayo ilitengenezwa tena mwaka 2016. Watoto wa marehemu hupata robo tatu za mali. Robo inayobaki ni ya mume au mke aliyebaki, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Mjane ana haki pia ya kutumia nyumba waliyokuwa wakikaa, pamoja na vyombo vyake. Basi shemeji anayemtoa mjane nje siku ya matanga hafuati sheria, hata akisema ni desturi.

Tena iko habari ambayo wengi hawaijui. Mrithi ambaye kwa kusudi alikataa kumtunza marehemu katika ugonjwa wake wa mwisho, naye alipaswa kumtunza kwa sheria au kwa desturi, aweza kuhesabiwa hastahili kurithi. Vivyo hivyo yeye aliyetumia udhaifu wa mgonjwa na kujitwalia mali yake katika miezi mitatu kabla ya kufa. Sheria haimlipi mlinzi, lakini inamwona aliyekimbia.

Na mlinzi asiye mrithi, kama mke wa mwana au mtoto wa dada? Mgonjwa angali na akili timamu, na aandike wosia, pasipo kugusa fungu la watoto. Auandike wote kwa mkono wake mwenyewe, atie tarehe na sahihi. Ruthu hakumlinda Naomi kwa ajili ya mshahara, lakini watu wa Bethlehemu walijua kazi yake.

4. Tengeneza karatasi mapema

Ndoa ya kanisani peke yake haitoshi, wala mahari peke yake. Ndoa na iandikishwe kwenye komini, Dilala au Manika au ile mnayokaa. Weka pamoja cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, namba ya mfanyakazi ya CNSS, na karatasi za mshahara. Akifa mtu, pokea karatasi ya daktari, andikisha kifo kwenye komini, kisha uende CNSS upesi.

5. Mlinzi naye ana mwili

Kama uliyemlinda alikuwa na kifua kikuu, wewe na watoto njoni mpimwe, hata kama hamkohoi. Kula, lala, pokezaneni zamu. Wanaume nao wanaweza kuosha mgonjwa na kuteka maji.

Zamani wajane wa Yerusalemu walisahauliwa katika ugawaji wa kila siku, na kanisa likachagua watu saba waangalie jambo hilo (Matendo 6). Wazee, mkienda kwenye matanga msipeleke nyimbo tu. Ulizeni: Karatasi ziko wapi? Nani atakwenda na mama huyu komini?

MASWALI
1. Nyongeza ya msaada ni ya nani, nayo hukoma lini?
2. Mjane wa mchimbaji ategemee haki gani?
3. Ndoa yako imeandikishwa kwenye komini?
4. Katika kanisa lako, nani analinda mgonjwa sasa, na nani anampokea zamu?