Cherehani ya Bibi Ina Thamani Gani?

Swali: Msomaji wa Sumbawanga amerithi cherehani ya miguu, Singer nyeusi yenye nakshi za dhahabu. Anataka kujua bei yake.

Jibu: Aanze na namba iliyogongwa kwenye kitako, upande wa gurudumu. Herufi zilianza kutangulia namba mwaka 1900. Akiona Y, mashine ilitoka kiwanda cha Clydebank, Uskoti, kilichofungwa 1980.

Uzee peke yake hauongezi bei. Singer ilitengeneza mamilioni, nazo hazifi upesi! Wakusanyaji hutazama nakshi na meza. Fundi wa barazani hajali urembo: huzungusha gurudumu, husikiliza, hushona kipande cha kitenge, kisha hukigeuza. Uzi wa chini ukilegea, bei inashuka.

Asiipake rangi mpya. Nakshi ikifutika, wakusanyaji hawaitaki tena.