Virusi na Mwenyeji Wake: Funzo Kutoka kwa Sokwe wa Ugalla

Katika elimu ya viumbe, mwili unaohifadhi vijidudu huitwa mwenyeji. Waswahili husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Virusi ni wageni wa namna nyingine: havilimi wala haviagi, bali huingia ndani ya chembe hai za mwenyeji na kuzilazimisha kuzalisha virusi vingine. Iwapo mwenyeji atasalimika au ataangamia hutegemea tabia ya virusi vyenyewe, na vilevile namna mwili wake unavyovipokea. Jambo hili limechunguzwa kwa sokwe wa Ugalla, magharibi mwa Tanzania.

Nyanda za Masito-Ugalla ziko kati ya Ziwa Tanganyika na nchi ya Mpanda. Sehemu kubwa ni miombo, ambayo nyasi zake huungua wakati wa kiangazi. Msitu mnene hupatikana kandokando ya mito tu. Kwa sababu hiyo sokwe wa huko wametawanyika mno. Katika eneo la ukubwa ule ule, sokwe wa misitu minene huwazidi kwa idadi mara 10 hadi 50. Mtu angetazamia kwamba maradhi ya kuambukiza hayawezi kustawi mahali penye wakazi wachache kiasi hicho.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alabama mjini Birmingham, Marekani, pamoja na wenzao waliofanya kazi porini, walitangaza matokeo yaliyopinga dhana hiyo. Walikuwa wakitafuta virusi vya sokwe vilivyo jamaa ya virusi vya UKIMWI. Sokwe wa Bonde la Issa hawakuwa wamewazoea watu, wala haikufaa kuwakamata ili kuwatoa damu. Watafiti waliokota kinyesi. Ndani ya kinyesi hupatikana chembe za sokwe mwenyewe, kingamwili zilizotengenezwa na mwili wake, na mara nyingine chembe za urithi za virusi. Kwa kusoma chembe za urithi za sokwe, yaani jeni, kila mmoja alitambuliwa na kuhesabiwa mara moja tu.

Sampuli 375 za Issa zilitoka kwa sokwe 67. Kati yao 21 walikuwa wameambukizwa, yaani asilimia 31. Tena, katika miezi 14 ya uchunguzi, wawili waliambukizwa upya. Hivyo ilidhihirika kwamba virusi vilikuwa vikiendelea kuenea.

Yawezekanaje? Virusi hivi havichukuliwi na hewa wala na mbu. Hupita kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto. Jike la sokwe hupandwa na madume kadhaa, na sokwe aliyeambukizwa hubaki na virusi maisha yake yote. Maradhi ya namna hii hayahitaji umati. Hutosheka na jamii moja ndogo inayoishi pamoja kwa miaka mingi. Zaidi ya hayo, virusi vya Ugalla vilionekana kuwa ndugu wa karibu wa vile vya Gombe, zaidi ya kilometa 100 kutoka hapo. Undugu huo ni ushahidi kwamba jamii hizo za sokwe, ambazo sasa zimetengana, ziliwahi kuunganika.

Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba virusi hivi havimdhuru sokwe, kwa kumfananisha na tumbili. Tumbili wengi wana virusi vyao vya jamaa hiyo hiyo, navyo huzaana kwa wingi mwilini. Lakini baada ya majuma machache kinga ya tumbili hutulia, naye huishi bila kuugua. Kwa binadamu aliyeambukizwa virusi vya UKIMWI, mbiu ya vita haikomi kupigwa, hata askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, huchakaa na kupungua. Mwaka 2009 utafiti wa Gombe, ambako kila sokwe anajulikana kwa jina, ulionyesha kwamba sokwe yuko upande wa binadamu. Hatari ya kufa kwa walioambukizwa ilikuwa mara 10 hadi 16 ya wenzao wa umri wao, majike walizaa kwa nadra, na watoto wao walikufa zaidi.

Yafaa ieleweke kwamba virusi vya sokwe wa Tanzania havijapata kuonekana kwa binadamu. Chimbuko la UKIMWI ulioenea duniani ni sokwe wa kusini-mashariki mwa Kameruni.

Wanaohatarika Ugalla ni sokwe wenyewe. Jike huzaa mara moja tu katika miaka 5 hivi, na kila mama anayekufa huacha pengo lisilozibika upesi. Mwaka 2015 ilionekana huko Gombe kwamba sokwe walioambukizwa wenye aina fulani ya jeni ya kinga walikuwa na virusi vichache mwilini. Jeni kama hiyo husafiri na majike wanaohamia jamii nyingine. Mapito ya wanyama yakikatwa na mashamba, jamii iliyotengwa itabaki na virusi vyake, lakini haitapata damu mpya ya kuisaidia kuvistahimili. Hivyo basi, kuhifadhi mapito ya miombo ni sehemu ya tiba, na kinyesi kinachookotwa mwaka hadi mwaka ndicho kitakachoonyesha kama tiba hiyo inafaa.