Usukani Uliolegea wa Trekta la Zamani

Katika nchi ya chai, kutoka Kericho hata Bomet, huonekana bado matrekta ya Massey Ferguson ya namba 35 na 135. Namba 135 ilianza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka wa 1964, na injini yake hudumu sana ikitunzwa. Lakini sehemu za mbele huchakaa upesi kwa ajili ya tope jekundu, mawe ya barabarani na mvua nyingi. Tena majani mabichi ya chai hayangoji: yakirundikwa hupata joto na kuwa mekundu kabla ya kufika kiwandani. Kwa hiyo dereva huteremka mlima kwa haraka, na tela lenye mzigo lamsukuma nyuma.

Yafaa kila mwenye trekta la namna hii ajue jambo moja. Matrekta haya, yale yenye usukani wa mkono, yana fimbo mbili za usukani, moja kila upande. Hakuna fimbo nyingine iungayo magurudumu mawili ya mbele. Basi kifundo kimoja kikichomoka, gurudumu la upande ule halina bwana. Hugeuka litakako, na katika mteremko wa kwenda mtoni hapana nafasi ya kusahihisha.

Kupima si kazi ngumu. Trekta likiwa limesimama mahali pa sawa, injini imezimwa, mwambie mwenzako autikise usukani kidogo huku na huku, nawe ushike kila kifundo kwa mkono. Ukisikia kinacheza kabla gurudumu halijasogea, kifundo hicho kimekwisha. Kisha zuia magurudumu ya nyuma, inua ekseli ya mbele kwa jeki, uiegemeze juu ya magogo imara. Usiitegemee jeki peke yake. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza pamoja na kingipini, bushi zimelika. Likicheza lenyewe tu, tazama beringi.

Kubadili kifundo, ondoa pini ya nati, ulegeze nati, kisha upige ubavu wa jicho la mkono kwa nyundo, na nyundo ya pili ikiegemea upande wa pili. Usipige ncha yenye hesi. Kabla ya kukifungua kutoka katika fimbo, pima urefu wake, au hesabu mizunguko unapokifungua, ili kipya kikae pale pale. Nati ikikazwa, tia pini mpya. Wako watu watiao msumari mahali pa pini. Msumari hukatika, na nati hufunguka njiani.

Kingipini ni kazi ndefu zaidi. Tia alama mkono wa juu kabla ya kuutoa, usije ukarudi vingine. Wengine hununua kingipini mpya na kuacha bushi za zamani ili kuokoa fedha. Mimi naona hiyo ni kutupa fedha, maana bushi mbovu hula chuma kipya. Badili zote mbili, ya juu na ya chini, na kama bushi ina tundu, lielekee chuchu ya grisi. Kingipini ikiingia kwa shida, usiilazimishe kwa nyundo. Mpelekee fundi mwenye chombo cha kupanua bushi.

Mwisho pima nafasi baina ya magurudumu, kwa urefu wa kitovu, mbele na nyuma. Kwa mbele iwe sawa na ya nyuma au pungufu kidogo, kama kitabu cha trekta kisemavyo. Ukirekebisha, geuza fimbo zote mbili kwa kiasi kimoja, ama usukani utakaa upande. Tia grisi magurudumu yakiwa juu, mpaka ile chafu itoke yote. Endesha kwanza shambani pasipo tela, na baada ya siku ya kwanza ya kazi zitazame nati zote tena.