Kurudi Likasi baada ya masomo Zambia

Swali: Binti yetu anamaliza uhandisi wa madini katika Chuo Kikuu cha Copperbelt, mjini Kitwe. Afanye nini katika siku zake za mwisho huko? (Mzazi, Likasi)

Jibu: Karatasi kwanza, mizigo baadaye.

Kitwe na Likasi ni miji ya shaba yote miwili, lakini mpaka wa Kasumbalesa unatenganisha nchi inayosomesha kwa Kiingereza na nchi inayosomesha kwa Kifaransa. Kwa hiyo mhitimu achukue chuoni orodha rasmi ya alama za miaka yote, yenye muhuri, pamoja na barua ya kuthibitisha kuwa amemaliza iwapo mahafali bado. Shahada ithibitishwe na ZAQA, mamlaka ya Zambia inayosimamia vyeti, angali huko. Kufuatilia jambo hilo kutoka Likasi ni kazi ngumu. Faili hilo, pamoja na tafsiri ya Kifaransa, litamsaidia kuomba ekivalansi ya diploma katika wizara ya elimu ya juu, Kinshasa.

Awaage walimu wake pia, na awaombe barua za mapendekezo wakiwa bado wanamkumbuka vizuri.

Kwa safari, asisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni halali maisha yote, hata kama kimeandikwa miaka 10. Aondoke alfajiri: malori ya shaba hujaza barabara ya Kasumbalesa, na baada ya Lubumbashi zinabaki kilomita zipatazo 120.